Kwenda Bonaire peke yako kuogelea juu ya matumbawe: mpango wa siku tano

Nimekulia Tanga, na bahari niliyofundishwa na babu ni ya kujaa na kupwa. Unaangalia mwezi, unajua bamvua ni lini, unajua saa ngapi maji yatakuacha mwambani. Mara ya kwanza nilipofika Bonaire, kisiwa cha Karibi kilichoko kaskazini mwa Venezuela, nilikaa ufukweni asubuhi nzima nikingoja maji yapwe. Hayakupwa. Kule kujaa na kupwa hutofautiana kwa urefu wa rula ya shule, basi. Kinachoamua kila kitu ni upepo. Ukilishika hilo mapema, nusu ya mipango yako imekaa sawa.

Haya ninayoandika ni kwa mtu anayekwenda peke yake, kwa siku chache, bila mtungi wa hewa: miwani, mrija na mapezi ya miguuni tu. Vijana wa boti Unguja wanaita snokeli, nami nitaita hivyohivyo. Hatua zote zinazunguka jambo moja ambalo nalisisitiza kwa moyo wote: ujue utatokea wapi kabla hujaingia majini, na awepo mtu nchi kavu anayejua pia.

Hatua ya 1: Kwa nini Bonaire

Kwenye visiwa vingi vya Karibi matumbawe mazuri yako mbali na ufuko. Lazima upande boti, ulipe kila safari, uende kwa saa ya nahodha. Kwa aliye peke yake hiyo ni gharama, tena boti nyingine haziondoki mpaka abiria watimie. Bonaire ni tofauti kwa sababu mwamba umeukumbatia ufuko wa magharibi karibu wote. Unashuka majini, unapita juu ya mchanga na matumbawe machache machache, na baada ya makumi ya mita tu unafika ukingoni, pale rangi ya maji inapogeuka ghafla kuwa buluu nzito na mwamba kuporomoka kwenda chini. Mtu wa snokeli ana mengi ya kuona kabla hata ya kufika ukingo huo.

Bahari yote inayokizunguka kisiwa, toka maji yanapoishia ufukweni hadi kina cha mita 60, ni hifadhi tangu mwaka 1979, na inasimamiwa na shirika la STINAPA. Kando ya barabara kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano na kuandikwa majina ya sehemu za kuingilia. Unaendesha, unaliona jiwe, unaegesha, unaingia.

Upepo wa huko hauna kusi wala kaskazi. Karibu mwaka mzima unavuma kutoka mashariki. Kwa hiyo ufuko wa magharibi umekingwa na kisiwa chenyewe na maji yake hutulia, ilhali wa mashariki unapigwa na mawimbi mchana na usiku. Mashariki nenda ukapige picha, usiingie majini.

Hatua ya 2: Kuchagua tarehe

Msimu wa vimbunga vya Karibi ni Juni hadi Novemba, na Bonaire iko kusini mwa njia ambayo vingi vyao hupita. Lakini kupitwa na kimbunga si sawa na kutoguswa. Kimbunga kikipita mbali kaskazini kinaweza kuugeuza upepo ukavuma kutoka magharibi, na hapo upande ule mtulivu ndio unaopigwa. Ilitokea kwa kimbunga Lenny, Novemba 1999, na kwa kimbunga Omar, Oktoba 2008. Mawimbi yalivunja magati na matumbawe ya maji mafupi. Kanuni yangu haina mjadala: upepo ukigeuka, siku hiyo siogelei, hata kama ndiyo siku yangu ya mwisho.

Kuanzia katikati ya Desemba hadi Aprili wageni ni wengi na bei za vyumba zimepanda. Septemba na Oktoba upepo hulegea, maji huwa ya uvuguvugu, vyumba vinapatikana, ila joto ni kali na mvua zikianza mbu nao wanaanza. Mimi nachagua mwisho wa Septemba.

Siku tano zinatosha: ya kufika, tatu za kuogelea, ya kuondoka. Chini ya hapo ndege zitakuwa zimekula safari yako.

Hatua ya 3: Karatasi na ada

Hapa ndipo wenzetu wengi hujikwaa. Tangu tarehe 10 Oktoba 2010 Bonaire ni manispaa maalumu ya Uholanzi, lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Schengen peke yake isikupe uhakika. Kuna viza ya Karibi inayotolewa na balozi za Uholanzi. Ukiwa na kibali cha ukaazi Ulaya, Marekani au Kanada huenda usihitaji viza, ila uliza ubalozini ukiwa na pasipoti yako mkononi, usitegemee ya jirani. Na njia ya ndege nayo ina masharti yake. Ukipitia Amsterdam, hakikisha unaruhusiwa kuunganisha ndege pale. Ukipitia Miami au Atlanta, Marekani inataka viza hata kwa mpita njia.

Beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, hasa ukitokea moja kwa moja Afrika Mashariki.

Halafu kuna malipo mawili. Kodi ya kuingia kwa mgeni mtu mzima ni dola 75, na ada ya hifadhi inayokwenda STINAPA ni dola 40. Zote zinalipwa mtandaoni kabla ya kusafiri. Hakikisha uko kwenye tovuti rasmi, kisha hifadhi uthibitisho kwenye simu na uchapishe nakala moja, kwa kuwa wa ada ya hifadhi utaulizwa hata mlangoni mwa mbuga ya Washington Slagbaai. Fedha ya kisiwa ni dola ya Marekani tangu 2011, kwa hiyo hakuna hesabu za kubadilisha.

Bima isome kwa makini. Tafuta maneno yanayohusu michezo ya majini na kuhamishwa kwa ndege ukiumia. Hospitali ipo Kralendijk, mji mkuu, lakini ni kisiwa kidogo na matibabu mazito hufuatwa nje.

Hatua ya 4: Pa kulala na cha kupanda

Usafiri wa umma usiutegemee. Kwa hiyo amua kwanza kama utakodi gari, kwa sababu hilo ndilo litakalochagua nyumba.

Asiyeendesha alale Kralendijk au kaskazini kidogo, karibu na Bari Reef au Something Special, sehemu mbili za kuingilia majini, aweze kwenda majini kwa miguu. Bari Reef inasifika kwa watu wanaohesabu aina za samaki, na ukiogelea pale asubuhi mbili mfululizo utaona kwa nini.

Anayeendesha akumbuke kwamba kule ni mkono wa kulia. Sisi wa mkono wa kushoto tunakosea zaidi kwenye mizunguko na tunapotoka maegeshoni tukiwa tumechoka, hivyo siku ya kwanza endesha mchana tu. Na ufukweni usiache kitu ndani ya gari, hata shati. Wenyeji wenyewe huacha vioo wazi ili mwizi aone hakuna cha kuchukua. Ufunguo wa kawaida unauvaa shingoni ndani ya nguo. Wa rimoti unauharibu majini, kwa hiyo unapokodi uliza kama kuna ufunguo wa chuma mtupu.

Hatua ya 5: Vifaa

Mapezi unaweza kukodi. Miwani nunua yako. Safari yangu ya kwanza nilikodi, nikapewa iliyokuwa ikivuja kwenye mashavu, na siku nzima niliona samaki nusu nusu kama mtu anayechungulia dirisha lenye mvua.

Namna ya kuijaribu dukani ni hii. Iweke usoni bila kuvaa mkanda. Vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mikono na uinamishe kichwa. Ikibaki imeng'ang'ania, inakufaa. Ikianguka, hata iwe ya bei gani, irudishe. Mwenye masharubu ajue maji hupenya hapo. Anyoe mstari mwembamba chini ya pua. Mwenye rasta au misuko aweke mkanda chini ya kifundo cha nywele, na aangalie unywele hata mmoja usipite chini ya mpira. Miwani mpya ina utando wa kiwandani, usugue ndani kwa dawa ya meno nyeupe mara mbili tatu, la sivyo itaganda ukungu. Baada ya hapo, tone la shampuu ya mtoto kila asubuhi linatosha.

Mrija chukua wa kawaida, mfupi, wa tundu pana. Ile miwani ya kufunika uso mzima siipendi kwa mtu aliye peke yake. Huwezi kuutema mrija kwa sekunde moja ukipaliwa, na huwezi kuziba pua ukitaka kuzibua masikio.

Vingine ni hivi: boya la rangi ya chungwa la kufunga kiunoni, ili boti zikuone na wewe upate cha kushika, filimbi, viatu vya majini vyenye soli ngumu, maana ufuko wa Bonaire ni vipande vya matumbawe makavu na miamba yenye makali, fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, kwani hata ngozi nyeusi huungua mgongoni na nyuma ya magoti ukielea saa nzima. Mafuta ya kukinga jua yenye oksibenzoni au oktinoksate yamepigwa marufuku Bonaire tangu 2021 kwa kuwa yanadhuru matumbawe. Soma kopo kabla hujapakia. Glavu nazo acha nyumbani, haziruhusiwi majini. Mtu asiye na glavu hashiki mwamba ovyo.

Hatua ya 6: Mazoezi kabla ya kuondoka

Wiki mbili kabla, ingia bwawani au baharini kwenu na ufanye mambo matatu mpaka yawe mazoea. Jaza mrija maji, upulize kwa nguvu yatoke, endelea kupumua bila kuinua kichwa. Jaza miwani maji, uitoe, uivae tena ukiwa unaelea. Lala chali, ukiwa umechoka kwa makusudi, upumzike dakika tano bila kushika kitu. Hili la tatu ndilo litakalokuokoa. Kama bado linakushinda, ongeza jaketi la kuokolea kwenye mzigo, na uende na boti zenye mwongozaji badala ya kuingia kutoka ufukweni.

Wenye shida ya moyo, shinikizo la damu au pumu wamwone daktari kwanza. Kupumua kwa mrija huku umelala kifudifudi ni kazi kwa moyo na mapafu, na anayezidiwa juu ya maji mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Ananyamaza tu.

Hatua ya 7: Utaratibu wa kila asubuhi

Bonaire iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa muda wa saa saba. Saa mbili asubuhi kule ni saa tisa alasiri Dar au Nairobi, wakati mzuri wa kumkuta mtu macho. Mimi humwandikia dada yangu ujumbe wa mistari miwili: naingia mahali fulani sasa, nitakuwa nje saa fulani. Nikitoka, namwandikia tena. Anayo namba ya mwenye nyumba ninapolala, na tumekubaliana: zikipita dakika 45 kimya, anampigia. Mwenye nyumba naye namwambia tangu siku ya kwanza, naye hufurahi kuambiwa.

Kisha ufukweni, kabla ya kuvaa chochote, simama dakika kumi uangalie. Kuna boya la kufungia boti? Limelalia upande gani? Huko ndiko mkondo unakoelekea. Anza kwa kuogelea dhidi ya mkondo, urudi ukisaidiwa nao, na ugeuke ukiwa na nguvu zaidi ya nusu. Tafuta alama ya nchi kavu, nyumba ya rangi au mti, inayokuonyesha njia ya kutokea, kwa sababu kutoka majini ufuko wote hufanana.

Hili nililipia. Kaskazini mwa kisiwa, kati ya sehemu za kuingilia ziitwazo 1000 Steps na Karpata, ufuko ni jabali la matumbawe ya kale, limechongoka kama meno ya msumeno, na pa kupandia ni pachache. Niliingia nikiwafuata pono. Huku nyumbani mtu akilala sana tunasema ana usingizi wa pono, lakini mchana pono hana hata lepe. Anatafuna mwamba, unamsikia kabisa, kra, kra, kama mtu anayeguguna mahindi ya kuchoma, na nyuma yake anaacha wingu la mchanga mweupe. Niliwafuata kundi zima nikasahau mkondo. Nilipoinua kichwa alama yangu haikuwepo. Nilirudi nikipiga miguu kwa dakika arobaini, nikipumzika chali mara tatu nimekumbatia boya, huku jabali likiwa hatua chache tu upande wangu na hakuna pa kushika. Nilipokanyaga nchi kavu nilikaa chini palepale na mapezi yangu miguuni.

Hatua ya 8: Siku zenyewe

Siku ya kufika usiende mbali. Ogelea mbele ya mahali unapolala, nusu saa, ujaribu vifaa. Maji ya bomba ni ya bahari yaliyosafishwa, yananyweka, basi jaza chupa zako. Jioni tafuta mgahawa wa wenyeji uagize mchuzi wa mbuzi na funchi. Funchi ni unga wa mahindi uliosongwa. Ukifumba macho uko mezani kwa ugali. Lugha yao ni Kipapiamentu: *bon dia* asubuhi, *danki* kwa kushukuru. Salimia kabla ya kuuliza kitu, kama kwetu.

Siku ya pili nenda Klein Bonaire, kisiwa kidogo tambarare kisichokaliwa na watu, kiasi cha mita 800 kutoka Bonaire. Usithubutu kuogelea mpaka kule, boti zinapita katikati. Panda teksi ya majini kutoka Kralendijk. Nahodha hukushusha upande mkondo unakotokea, nawe unaelea taratibu juu ya bustani ya matumbawe hadi No Name Beach anakokuchukulia. Kwa aliye peke yake hii ndiyo siku tulivu kuliko zote, maana kuna wenzako majini na kuna mtu anayehesabu vichwa. Kule hakuna duka wala choo, kwa hiyo beba maji na kofia. Kasa hutaga kwenye mchanga ule, usichimbe wala kuchomeka mwavuli. Ukimwona kasa majini, awe ng'amba au yule anayekula majani ya bahari, kaa pembeni yake na usimkatie njia ya kwenda juu. Anakwenda kuvuta pumzi.

Siku ya tatu, kusini. Salt Pier ni gati la kupakilia chumvi, na nguzo zake zimevikwa sponji za kila rangi, samaki wanapita katikati yake makundi kwa makundi. Meli ikiwa imetia nanga hapo hairuhusiwi kuingia. Endelea mbele, sehemu nyingine ziko nyingi.

Ukitoka majini usiondoke haraka. Mbele kidogo, kando ya mabwawa ya chumvi yenye maji ya waridi, kuna vibanda vya mawe vya watumwa vilivyojengwa mwaka 1850. Mlango wa kibanda ulinifika kiunoni. Niliingia kwa magoti, nikakaa, kichwa kikakaribia kugusa paa. Waliolala mle walikuwa watu wa asili ya Afrika, waliochota chumvi juani wiki nzima, kisha mwisho wa wiki wakatembea muda wa saa saba hadi kijiji cha Rincon, kaskazini, kuwaona watoto wao, na kurudi. Utumwa ulikomeshwa huko tarehe 1 Julai 1863. Mimi sikuweza kuogelea tena siku ile, na sikulazimisha.

Siku ya nne, 1000 Steps. Ngazi hazifiki hata mia, jina limetokana na wanaozipanda na mtungi mgongoni. Fika kabla ya saa tatu asubuhi, na ujue kwamba barabara kutoka pale kuelekea Karpata ni ya upande mmoja. Ukipita umepita, utarudi kwa kuzunguka Rincon. Karpata yenyewe nawaachia wazoefu.

Hatua ya 9: Ukiwa juu ya mwamba

Mwaka 2023 ugonjwa unaoua matumbawe magumu uligunduliwa Bonaire. Utayaona yenye mabaka meupe, nyama imebanduka. Kwa hiyo usiyaguse, usiyasimamie, na piga mapezi polepole ili usiyafukie mchanga. Vifaa vilivyotumika bahari nyingine vioshe na uvikaushe vizuri kabla ya safari.

Yuko mmoja utakayemtambua mara moja ukiwa mtu wa pwani: samaki simba (lionfish), mwenye mistari myekundu na mapezi yaliyochanuka kama manyoya, yenye miiba ya sumu. Kwetu yuko kwao, katika Bahari ya Hindi. Bonaire alionekana mara ya kwanza mwaka 2009, na kule anakula vifaranga vya samaki wasiomzoea. Usimsogelee. Waambie watu wa duka la kupiga mbizi ulipomwona, wapo wenye kibali cha kumchoma mkuki.

Ukitaka kuzama kidogo kuangalia chini ya jiwe, usipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama. Kufanya hivyo hupunguza kabonidioksaidi mwilini, ile inayokupa hamu ya kupumua, na mtu huzimia bila onyo. Peke yako hakuna wa kukuinua. Baki juu, utaona mengi.

Siku ya kuondoka wapiga mbizi wa mitungi wanakaa na kungoja, kwa kuwa wakiruka mapema hewa iliyobaki mwilini inaweza kuwadhuru. Wewe wa snokeli hukuzama, hivyo asubuhi bado ni yako. Nenda Te Amo, ufuko wa mchanga ulio jirani na uwanja wa ndege. Ogelea nusu saa, mwandikie mtu wako kwamba umetoka, osha miwani kwa maji baridi, na uiweke ndani ya kiatu cha majini isije ikavunjika begini.